Upandikizaji wa mfupa wenye mshipa wa damu

Upandikizaji wa mfupa wenye mshipa wa damu ni upasuaji wa kuhamisha kipande cha mfupa hai, kikiwa na mshipa unaokilisha, hadi kwenye mfupa uliokufa kwa kukosa damu. Katika kifundo cha mkono hufanywa hasa kwa mifupa miwili midogo: lunati, ambayo maradhi yake yalielezwa na Robert Kienböck wa Vienna mwaka 1910, na skafoidi. Skafoidi ina udhaifu wa kimaumbile: damu yake nyingi huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, hivyo ikivunjika katikati, ncha iliyo karibu na kigasha hukatiwa riziki.

Mwaka 1991 Carlos Zaidemberg wa Argentina na wenzake walieleza njia ya kuchonga kipande kwenye mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, pamoja na mshipa mwembamba unaopita juu yake, kukizungusha bila kuukata mshipa huo na kukipachika kwenye skafoidi. Waya au skrubu hukishikilia, na mkono hufungwa plasta kwa wiki kadhaa. Skafoidi iliyopinda huhitaji kipande kikubwa zaidi, mara nyingi kutoka gotini; hapo mishipa huunganishwa upya chini ya hadubini, kazi ya saa nyingi. Kifundo ambacho gegedu zake zimekwisha kulika hakifai kwa tiba hii.