Kuzimu kwa Wamakua na Wamakonde

Hapana watu waliopata kuzika maiti wao wasijiulize: amekwenda wapi? Wajapani husimulia katika Kojiki, kitabu kilichoandikwa mwaka 712, kuwa Izanami alikufa kwa kuzaa moto. Mumewe Izanagi akamfuata hadi Yomi, nchi ya wafu. Alipowasha mwanga akamwona ameoza, amejaa mabuu. Akakimbia, akaziba njia kwa jabali, kisha akaenda mtoni kuoga najisi ya kifo.

Wazee wa Chidya, na Masasi yote kwa jumla, hawakuliweka jabali hilo. Wamakua huutaja Mlima Namuli, ulioko Zambezia nchini Msumbiji, wenye urefu wa meta 2,419, kuwa ndiko alikotokea mtu wa kwanza, na ndiko roho hurejea. Kwao kufa kulikuwa kurudi nyumbani. Waliovuka Ruvuma katika karne ya 19 waliuacha mlima nyuma, lakini hawakuiacha imani. Mama mkuu wa ukoo, apwiyamwene, alimimina unga wa mtama chini ya mti na kuwaita waliotangulia kwa majina.

Wamakonde nao waliwaita wafu wao mahoka. Jando na unyago vilipomalizika, midimu ilitoka na vinyago usoni, na wanawake na watoto wakaambiwa kuwa hao ni wafu waliofufuka.

Uislamu ulipotoka pwani na kuenea bara, hasa baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ulileta fundisho jingine. Maiti yuko barzakh. Harudi kucheza ngoma wala hali unga. Kimfaacho ni dua na sadaka inayotolewa kwa ajili yake.

Basi tuliukataza unga, na ni haki. Lakini tuangalie tusije tukaliacha na lililokuwa jema ndani yake. Apwiyamwene aliyajua majina ya wazee wake. Wangapi kati yetu leo wanamjua baba wa babu yao? Wangapi huchinja ng'ombe siku ya hitima, kwa mzee aliyelala na njaa akiwa hai? Ikiwa yule aliyekosea njia aliwakumbuka wafu wake kwa konzi ya unga, sisi tulioonyeshwa njia tuna udhuru gani? Mwili huoza, bali wahenga walisema: wema hauozi.