Mkia wa Jina la Faili
Tarehe 4 Mei 2000, wafanyakazi wa Asia, kisha Ulaya, kisha Marekani, waliwasha kompyuta wakakuta barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU. Ilikuwa imebeba faili lililoonekana kuitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Barua ya mapenzi, tena kutoka kwa mtu unayemfahamu! Wengi walibofya mara mbili.

Jina kamili la faili lile liliishia na .vbs. Herufi hizo tatu ziliiambia Windows kwamba haya si maandishi ya kusomwa bali ni amri za kutekelezwa. Ila tangu Windows 95, Microsoft ilikuwa inaificha mikia ya majina inayoitambua, ili isimsumbue mtumiaji. Mtu akaona TXT, mashine ikaona vbs.

Mazoea ya kubofya mara mbili hayakuwa ya zamani sana. Kwenye Xerox Star ya 1981, ulichagua faili kwa kipanya, kisha ukabonyeza kitufe cha kibodi cha kufungulia. Apple wakaja na Lisa mwaka 1983, na kipanya chake kilikuwa na kitufe kimoja tu. Mbofyo mmoja wa kuchagua, miwili ya kufungua.

Lakini faili lifunguliwe na programu gani? Macintosh ya 1984 ilijibu kwa ustadi ninaoupenda mpaka leo: kila faili lilibeba alama mbili zisizoonekana, kila moja ya herufi nne. Ya kwanza ilitaja aina yake, ya pili programu iliyolizaa. Hata ukilibadilisha jina, lilirudi kwa mzazi wake. MS-DOS, kwa kumfuata mtangulizi wake CP/M, ilitegemea mkia wa herufi tatu, na Windows ikarithi. Ikatunza orodha: mkia huu, programu ile. Ukisakinisha programu mpya ya muziki, ingeweza kujitwalia nyimbo zako zote.

Alama za Apple zilipotea kirahisi faili lilipopita kwenye mashine nyingine, na mwaka 2009 Mac OS X 10.6 iliacha kuijali alama ya mzazi. Mkia ukashinda. Hata hivyo, mifumo yote miwili ilimwachia mtu ishara ileile ya kidole kwa kusoma barua na kwa kuendesha programu. (Kiswahili nacho kinafungua bahasha na kumfungulia mgeni mlango kwa kitenzi kimoja.)

Kirusi kile kilijituma kwa kila anwani iliyokuwa kwenye Outlook ya aliyebofya, na kikaandika juu ya picha zake. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake kwa muda. Wapelelezi walifika Manila, lakini Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Iliyotungwa Juni 2000 haikuweza kurudi nyuma, na mashtaka yakafutwa.

Windows 11, isipobadilishwa mipangilio, bado inaificha mikia hiyo.