Barabara Kati ya Nyumba Mbili

Wapo wanaoudharau mchezo wa kuchekesha wa televisheni wakiudhani kuwa ni upuuzi mtupu. Sisi twaona kwamba mwanafunzi wa historia ya familia hana budi kuutazama kwa makini. Tuchukue mathalani mchezo wa Kimarekani uitwao Everybody Loves Raymond, ulioonyeshwa tangu 1996 hadi 2005, jumla ya vipindi 210.

Raymond Barone anaishi na mkewe Debra na watoto wao watatu huko Long Island, karibu na jiji la New York. Ng'ambo ya barabara wanaishi wazazi wake, Frank na Marie. Yafaa tukumbuke kwamba ni katika kisiwa hicho ndiko ulikoanza kujengwa mji wa Levittown mwaka 1947. Kufikia 1951 nyumba zake zilizidi 17,000, nazo zilikusudiwa mume, mke na watoto wao, basi. Bibi na babu hawakuhesabiwa. Jamaa ya Barone, wenye asili ya Italia, wameipokea nyumba ya namna hiyo, ila sheria yake hawakuipokea.

Marie hana hodi. Huingia, akafunua sufuria, akaonja, akatikisa kichwa. Mkaza mwanawe anapomwomba amfundishe kupika madonge ya nyama, anampa maelezo yote. Kumbe kichupa kimoja cha viungo amekibandika jina la uongo! Tunacheka, na ni haki yetu kucheka. Lakini mama huyu anatetea cheo: siku mwanawe atakaposhiba kwa mkono wa mwingine, yeye atabaki na nini?

Aghalabu lawama humwangukia mavyaa. Kwa maoni yetu mkosaji mkubwa ni Raymond, ambaye peke yake angeweza kusema na pande zote mbili, naye huchagua kunyamaza ili apendwe kotekote. Debra ndiye anayelipia kimya hicho.

Katika mfululizo wa mwisho, ulioanza 2004, wazee wanamwuzia nyumba mwana wao mkubwa, Robert, na kuhamia makazi ya wazee huko New Jersey. Haupiti muda wanafukuzwa, wakarejea palepale.

Mwaka 2009 Warusi waliutengeneza upya mchezo huu kwa jina la Voroniny. Kwao familia nyingi za mjini huishi katika majengo ya ghorofa. Basi wazazi wakawekwa mlango wa pili, na barabara ya kuvuka haikuwapo tena.