Tiketi

Abiria wa basi la Tanga anaijua tiketi: karatasi yenye namba ya kiti. Kwa waandishi wa programu, tiketi ni taarifa ya kasoro au ombi la kazi, nayo ina namba na hufuatiliwa hadi ifungwe. Ila kila mfumo wa kuzifuatilia una msamiati wake. Bugzilla ya Mozilla, iliyotoka mwaka 1998, huiita mdudu. GitHub huiita suala, kama Jira ilivyofanya kwa miaka mingi. Trac ndiyo inayosema tiketi waziwazi. (Jira, kwa taarifa yako, ni kipande cha Gojira, jina la Kijapani la Godzilla, utani uliozaliwa na Bugzilla.) Hata hali za tiketi hazilingani: kwa GitHub tiketi iko wazi au imefungwa, basi; Bugzilla ina ngazi kadhaa katikati.

Ndiyo maana watu huunda kiolesura kimoja. Programu yako inasema “fungua tiketi”, nacho kinaigeuza amri hiyo kwa lugha ya kila mfumo. Kiolesura ni neno la wataalamu. Mie ningekiita mkalimani, ingawa akikutana na ngazi ambayo GitHub haina, huimeza kimyakimya.