Redio ya ndege Rufiji, 1915: injini ilizimika, redio ikaendelea

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, ukipita Salale kwa mashua, ujue kuwa mikoko hiyo iliwahi kuficha manowari ya Wajerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar, kisha ikaingia deltani. Waingereza waliifungia milango ya mto, lakini meli zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji mafupi, na kutoka baharini hawakuiona.

Wakaleta ndege. Baadhi ya za mwanzo zilishindwa na joto letu: gundi iliachia, injini zikakosa nguvu ya kupaa. Mwaka 1915 zilikuja nyingine, zikawa zinaruka kutoka Mafia. Kazi yake ilikuwa kuangalia makombora yanaangukia wapi, kisha kuziarifu meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, kwa redio ya Morse.

Redio za ndege za enzi hizo zilitumia betri ya tindikali iliyochajiwa ardhini kabla ya safari, au jenereta ndogo iliyozungushwa na upepo wa mwendo.

Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, makombora zaidi ya 600. Waliokuwa angani hawakujua lipi ni la nani, na kazi haikuisha. Tarehe 11 Julai zilipiga kwa zamu. Ndege ya rubani Cull na mwenzake Arnold ilipigwa, injini ikaharibika. Wakati wanashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi wakaangukia majini karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaishia hapo mtoni.

Somo kwetu ni hili: chanzo cha nguvu cha redio yako kisiwe kile kitakachozimika kwanza. Mafuriko yalipoingia Kibiti na Rufiji Aprili 2024, na kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 4, aliyehitaji tahadhari ya hali ya hewa alihitaji redio au simu yenye chaji siku ileile.

Kwa hiyo, kabla ya masika:

1. Soma volti zilizoandikwa kwenye redio. Betri kavu moja ni volti 1.5, hivyo redio ya betri nne inataka volti 6. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya gari ya volti 12, utaiunguza. Tumia adapta inayoshusha volti.
2. Chanya iende kwa chanya, hasi kwa hasi. Weka fyuzi karibu na betri.
3. Waya wa paneli ya sola upite kwenye chaji kontrola kwanza. Betri ya tindikali usiitumie hadi iishe kabisa, itakufa mapema.
4. Ihifadhi juu, mahali maji hayafiki na hewa inapita.

Jirani asiye na paneli, mchajie simu yake. Taarifa ya mafuriko ikimfikia yeye, mtaa mzima utaisikia.