Kericho na Bomet: Ramani ya Wanaopenda Vitu vya Kitambo, Kutoka Chemirocha Hadi Mursik

Wasee wengi wa Nairobi wakiamua kuingia Kericho, form huwa ni moja: piga picha kwa shamba la chai, post, rudi. Hakuna ubaya. Lakini hii mitaa ya majani chai ina stori ya muziki ambayo imeandikwa sana ng'ambo, na hapa nyumbani mayouth wengi hawaijui kabisa.

Kitu kimoja ujue mapema: huku vitu vya kitambo havijapangwa kama maonyesho. Hautapata geti lenye tiketi na mwongozaji amevaa fulana yenye nembo. Viko kwa jengo la zamani, kwa duka la mtaa, na zaidi sana kwa kichwa cha mzee wa miaka themanini. Kwa hivyo hii ramani ni ya kukuonyesha pa kuenda, na pia jinsi ya kuenda ukiwa na heshima ndio upate kitu cha maana.

Njia ya kupita

Usiende na kurudi njia moja. Toka Nairobi upitie Narok na Mulot hadi Bomet mjini. Kutoka hapo shika barabara ya Sotik mpaka Kaplong, kisha kata kulia kuelekea Kapkatet, Litein na Kericho. Kurudi, pitia Nakuru. Hiyo duara inakupitisha mashamba madogo ya wakulima upande wa Bomet na Bureti, halafu mashamba makubwa ya kampuni ukikaribia Kericho. Ukiangalia dirishani utaona tofauti bila kuambiwa.

Siku mbili ni kidogo. Tatu ni fiti. Na beba jaketi: Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mchana huko ni kawaida. Ndio maana chai inapenda hapo.

Kapkatet: mahali Jimmie Rodgers aligeuka Chemirocha

Hii ndio stori kubwa ya safari yote, so kaa chini.

Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyefanya kazi ya reli kabla ya kutoboa kwa muziki. Alikufa 1933 kwa TB, na leo anaitwa baba wa muziki wa country. Hakuwahi kukanyaga Kenya. Lakini santuri zake zilifika. Stori inayosimuliwa sana ni kwamba zilikuja na gramafoni za wamishonari, na watu wa Kipsigis wakazipenda hadi jina lake likapata matamshi ya nyumbani: Chemirocha. Litamke haraka utaskia Jimmie Rodgers ndani yake.

Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet. Alikuta watu washatunga nyimbo zao kuhusu huyo Chemirocha. Alirekodi tatu. Ile ya tatu ndio ilivuma dunia nzima: wasichana wanaimba, Chemutoi Ketienya akiongoza, na chini yao kuna kibugandet, ala ya nyuzi ya Wakipsigis. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wimbo huo ni kiumbe nusu mtu nusu swara, na wasichana wanamchochea aruke dansi hadi nguo zimtoke. Yaani walichukua staa wa Marekani wakamfanya kichekesho chao. Hiyo ni remix ya 1950, wadau.

Sasa sehemu inayouma. Rekodi zilihifadhiwa Afrika Kusini, kwa maktaba ya muziki ya ILAM aliyoianzisha Tracey mwenyewe. Watu ng'ambo waliskiza, wakaandika, wakasifu. Kapkatet yenyewe ilingoja zaidi ya miaka 60. Ni katikati ya miaka ya 2010 ndio ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa mradi wa Singing Wells, walirudisha nakala na kutafuta wazee waliokuwepo siku zile. Wengi walikuwa washaenda.

Ukifika Kapkatet usitarajie sanamu. Ni mji wa soko na chai. Skiza "Chemirocha III" kwa simu ukiwa kwa mat, halafu ukifika agiza chai hotelini na uulize kwa upole kama kuna mzee anayejua kibugandet au nyimbo za zamani. Pengine utaambiwa hakuna. Pengine utatumwa kwa boma fulani na mchana wako wote uishie hapo.

Kericho mjini: enzi za santuri

Kabla Nairobi imeze kila kitu, Kericho ilikuwa na biashara yake ya muziki. Familia ya Chandarana ilikuwa na duka mjini na ikatoa santuri kwa lebo yake, hasa miaka ya 1960 na 1970. Wanamuziki wa benga kutoka Luo Nyanza, wasanii wa Kisii, Waluhya na Wakalenjin walifunga safari kuja kurekodi kwa mji wa chai. Mantiki ni rahisi: Kericho iko katikati ya hizo jamii zote, na mashamba ya chai yalikuwa yamejaa wafanyakazi kutoka kila kona, wenye mshahara wa mwezi na kiu ya nyimbo za kwao.

Leo santuri za Chandarana zinasakwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Ukipata moja kwa duka la vitu vya mtumba au kwa kabati la mtu, jua unashika nini. Na kama ni ya familia, usimlaghai shosho kwa mia mbili. Mwambie ukweli kuhusu thamani yake.

Kwa upande wa Kalenjin, jina la kuanza nalo ni Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band. Wapakue kabla ya safari, halafu uweke Msupa S na Sweetstar baada yao. Utaskia vile gitaa la zamani lilivyogeuka kuwa ngoma za siku hizi.

Kukula na kuchill

*Tea Hotel, Kericho.* Ilijengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kwa ajili ya mabosi wa chai. Bustani kubwa, na mashamba ya chai jirani. Mvunaji wa majani hakuwa anaingia hapo kunywa chai aliyoichuma mwenyewe. Beba hiyo kichwani ukiangalia jengo. Hoteli imepitia misukosuko miaka ya karibuni, so uliza kwanza kama iko wazi kabla ujipange kulala.

*Gurudwara ya Kericho.* Jengo safi sana la Masingasinga, linalohusishwa na Baba Puran Singh, aliyeishi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza. Jikoni yao, langar, hulisha mgeni yeyote bure, bila nyama. Masharti: vua viatu, funika kichwa, usiingie na pombe wala sigara. Ukishiba, acha mchango au saidia kuosha vyombo.

*Hoteli za mtaa.* Hapa ndio dishi la kitambo halisi liko. Agiza kimyet, yaani ugali, na isagek, yaani saga, pamoja na mursik. Mursik ni maziwa yaliyogandishwa kwa kibuyu kinachoitwa sotet, kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet. Ndio maana ina rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Ni ile ile wanariadha hunyweshwa JKIA wakirudi na medali. Ukiwa mgeni kwa mursik, anza na kikombe kidogo. Tumbo litakushukuru.

*Baa.* Wikendi, mabaa mengi huku huchanganya Kalenjin, rhumba na country. Ndiyo, country: Kenny Rogers, Don Williams, Dolly Parton. Watu wanajua maneno yote. Ukishajua stori ya Chemirocha, hautashangaa. Kinywaji kikae kile cha chupa iliyofungwa; chang'aa ya vichochoroni achana nayo, imeshaua na kupofusha watu nchi hii.

*Chagaik.* Kama kilomita 8 kutoka mjini upande wa Nakuru kuna bustani ya miti ya zamani na bwawa, iliyopandwa na mkulima wa chai enzi za ukoloni. Mbega wako juu ya miti. Ni ardhi ya shamba la kampuni, so uliza ruhusa getini.

Tamasha: enda lini?

Kama unataka kuona ngoma za asili jukwaani, fuata Kenya Music Festival, tamasha lenye mizizi ya 1927. Shule huanza mashindano ya mitaani na kaunti kabla ya fainali za kitaifa, ambazo kwa kawaida huwa Agosti. Mchujo wa Kericho au Bomet ni mzuri kuliko fainali kwa sababu moja: watoto wanaimba nyimbo za hapo mbele ya wazazi wanaozijua, na wakikosea, ukumbi mzima unajua.

Disemba ni msimu wa koito, sherehe ya kupeana mchumba. Ukialikwa, enda, muziki wa kweli uko huko. Lakini Disemba pia ni msimu wa tumdo, kupashwa tohara kwa vijana. Hiyo si shoo. Usifuate, usichukue video.

Adabu za kurekodi mzee

Anza na "chamgei", maliza na "kongoi". Mama mzee mwite kogo. Halafu:

1. Uliza kabla ya kutoa simu.
2. Kubaliana malipo mapema. Muda wake ni kazi.
3. Andika jina lake na la kijiji vile yeye anataka, na umuulize kama yawekwe mtandaoni.
4. Mtumie nakala wiki hiyo hiyo, kwa simu yake au ya mjukuu.

Hiyo ya nne usiiruke. Wasichana wa Kapkatet waliimba 1950, na nakala ikarudi kijijini wakati wengi wa rika lao hawako tena. Wewe uko na WhatsApp.