Kompyuta ya nyumbani imekunyima u-administreta? Soma kabla hujampa fundi

Wadau, hii imewakuta wengi. Kompyuta ni ya nyumbani, imenunuliwa kwa hela yenu, halafu siku unataka kuweka programu ya printa inakudai paswedi ya administreta. Huna. Ukienda kwa fundi jibu ni moja tu: "Tupige Windows upya." Ukikubali bila kuuliza, picha za harusi ya dada na ripoti yako ya fildi vinaweza kuondoka hivyo hivyo. Tulia kwanza.

Mara nyingi hakuna hata virusi. Aliyewawekea Windows alifungua akaunti mbili, ya kwake ikawa administreta, yako ikabaki ya kawaida. Au mdogo wako alichokonoa mipangilio. Kwa hiyo anza kwa kujua bosi ni nani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, piga Enter. Kwenye ile skrini nyeusi andika:

net localgroup Administrators

Yatakuja majina ya wenye haki zote. (Wadau wa Kongo wenye Windows ya Kifaransa, andikeni Administrateurs.) Ukiona jina la fundi au kaka, mpigie simu, mwombe paswedi, yaishe. Kama ni akaunti yako ya Microsoft ila umesahau paswedi, hiyo unaibadilisha kwenye mtandao hata ukiwa kafe. Na kama kompyuta ni mtumba uliotoka ofisini na bado inadai akaunti ya hiyo ofisi, mrudie aliyekuuzia. Hapo tatizo si la paswedi.

Sasa, ukikuta jina ni Administrator peke yake, kuna mlango wa nyuma halali kabisa. Zamani kwenye Windows XP ilikuwa rahisi mno: unabonyeza F8 wakati inawaka, unaingia Safe Mode, unamkuta Administrator, na mara nyingi hana paswedi! Kuanzia Vista, mwaka 2007, akaunti hiyo inakuja imezimwa. Lakini Microsoft waliacha upenyo: kama hakuna administreta mwingine aliye hai kwenye mashine, Safe Mode inaweza kukuruhusu uingie nayo.

Kwenye Windows 10 na 11 fanya hivi. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuingilia, shikilia Shift huku unabonyeza Restart. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu Restart. Ikikuletea orodha bonyeza 4. Ingia kama Administrator, sehemu ya paswedi iache tupu, fungua cmd tena uandike:

net localgroup Administrators juma /add

Badala ya juma weka jina la akaunti yako. Kama lina nafasi katikati, lifunge kwa alama za kunukuu. Zima, washa, umerudi kuwa bosi.

Angalizo kubwa: kompyuta nyingi za siku hizi diski zake zimefungwa kwa BitLocker, na ukipita njia hii inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha mashine mara ya kwanza. Utafute KABLA ya kugusa Shift.

Safe Mode ikigoma, achana na vile viprogramu vya "kuvunja paswedi" vinavyozunguka kwenye flashi. Vingi vinakuja na wadudu wake. Akaunti yako ya kawaida bado inakuruhusu kunakili mafaili yako mwenyewe, basi yahamishie yote kwenye flashi au diski ya nje, yafungue kwenye mashine nyingine uone kama ni mazima, ndipo fundi apige Windows. Usitegemee sana ile "Keep my files" kwenye skrini ya matengenezo, maana nayo inataka paswedi ya administreta, ambayo ndiyo huna.

Fundi akimaliza, kaa naye pale pale, andika ile amri ya kwanza mbele yake. Jina lake likiwemo na lako halimo, hujaondoka bado.